Msongo wa Mawazo au Msongo wa Kazi?

Katika matangazo ya afya, semina za waajiri na vipindi vya redio vya Tanzania na Kenya, hali ambayo Kiingereza huiita stress hutajwa karibu kila mara kwa maneno msongo wa mawazo, ilhali mitaani watu husema stresi au presha na kuelewana vizuri. Istilahi hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza imebeba nini ndani yake. Hata hivyo, inapohamishiwa mahali pa kazi, yaani kwa muuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu wa darasa lililofurika au dereva anayedaiwa hesabu ya siku, neno mawazo huanza kuelekeza lawama, na pamoja na lawama tiba, upande mmoja tu wa tatizo.

Msingi wa istilahi ni kitenzi songa, chenye matumizi mengi: watu husongana mlangoni, ugali husongwa kwa mwiko mpaka ushikamane, shingo husongwa kwa kamba, na aliyesimama njiani huambiwa asonge mbele. Ukiacha matumizi hayo ya mwisho, kote kuna nguvu inayobana na kitu kinachokosa nafasi kwa kubanwa. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa msongamano wa magari na wa mizigo bandarini, na ndicho kilichozaa msongo. Nusu ya kwanza ya istilahi, kwa hiyo, imechaguliwa kwa busara, kwa kuwa inakiri kuwa kipo kinachobana na yupo anayebanwa. Tatizo limo katika nusu ya pili. Mawazo si kinachobana. Mara nyingi ni dalili tu ya kubanwa, na kwa kuwa katika Kiswahili cha kila siku mtu mwenye mawazo ni mtu mwenye huzuni au wasiwasi, istilahi nzima imeteleza kutoka kwenye kani na kutua kwenye hisia.

Historia ya neno la Kiingereza yenyewe inaonyesha mtelezo wa namna hiyo. Asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kilatini stringere, yaani kukaza au kufunga kwa nguvu, kilichopita katika Kifaransa cha zamani kikiwa na maana ya wembamba na ufinyu, kisha kikaingia Kiingereza kikiwa na maana ya taabu. Inafaa kutaja hapa kwamba neno dhiki, lililotoka Kiarabu, lilipita njia iyo hiyo: kwa Kiarabu asili yake ni ufinyu wa mahali, na kwa Kiswahili limekuwa ugumu wa maisha. Baadaye wahandisi walilichukua neno la Kiingereza na kulipa maana kavu inayopimika, yaani nguvu inayolikabili kila eneo la kitu, kama vile nguzo ya daraja. Nalo badiliko la umbo linalotokea ndani ya nguzo kwa sababu ya nguvu hiyo wakalipa jina jingine, strain.

Aliyelileta neno hilo katika tiba ni Hans Selye, mtafiti mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada. Mwaka 1936 alichapisha katika jarida la Nature taarifa fupi kuhusu panya waliopatwa na madhara ya aina mbalimbali, kama baridi, majeraha na sumu, ambao miili yao iliitikia kwa namna moja: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, tezi ya thaimasi ikasinyaa, na vidonda vikatokea tumboni. Selye aliugawa mwitikio huo katika awamu tatu, yaani ya tahadhari, ambapo mwili hukusanya nguvu zake; ya ustahimilivu, ambapo mwili huonekana kuzoea; na ya kuishiwa, ambapo akiba humalizika. Kwa lugha ya wahandisi, alichokieleza kilikuwa badiliko la ndani ya nguzo, si nguvu inayoikabili. Na Selye, ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, alikuja kueleza kwamba kama angekijua vizuri zaidi angechagua strain. Kifaransa, Kijerumani na Kijapani vililipokea neno hilo pamoja na utata wake, kwa kulikopa jinsi lilivyo.

Kiswahili kingeweza kufanya vivyo hivyo, na kwa kweli kimeshafanya, maana stresi ni neno hai. Kasoro yake ni kwamba limerithi utata wote wa asili na kuongeza wake, kwani mitaani hutumika kwa chochote kuanzia foleni ndefu hadi kuachwa na mpenzi. Mkazo ni neno safi, lakini wanaisimu wamelishika kwa maana ya nguvu ya sauti katika silabi. Shinikizo linafaa sana kwa kani ya nje, kama mtu anapofanya kazi kwa shinikizo la mkubwa wake, ila madaktari wanalihitaji kwa shinikizo la damu, na mgonjwa asiyetofautisha presha ya daftari la mauzo na presha inayopimwa kwa mashine anaweza kukosea dawa. Dhiki, licha ya historia yake ya kuvutia, leo inamaanisha umaskini zaidi kuliko kubanwa. Kati ya hayo yote msongo ndilo lenye nafasi, mradi kinachofuata baada yake kichaguliwe vizuri.

Utata mkubwa zaidi unatokea pale msongo wa mawazo unapotumika pia kwa ugonjwa ambao wataalamu wa afya ya akili huuita sonona, neno lenye undugu na kitenzi sononeka. Sonona ni ugonjwa wenye vigezo vya utambuzi: huzuni au kukosa hamu ya mambo kwa majuma kadhaa, usingizi uliovurugika, kujiona hufai, na mara nyingine fikra za kujidhuru. Msongo ni mwitikio wa kawaida ambao kila kiumbe anao, nao kwa kiasi chake humsaidia mtu kukamilisha kazi kwa wakati. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja kunamfanya mgonjwa wa sonona aambiwe apumzike tu, na mfanyakazi aliyezidiwa na kazi aogope kwamba ameambiwa ana wazimu.

Utafiti wa mahali pa kazi umeurudisha msongo nje ya kichwa cha mtu. Mwaka 1979 Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alitoa hoja kwamba wingi wa kazi peke yake hauelezi nani ataumia. Kinachoumiza ni kukutana kwa mambo mawili: madai makubwa ya kazi na uhuru mdogo wa kuamua jinsi ya kuyatimiza. Mtu mwenye kazi nyingi lakini mwenye mamlaka juu ya mpangilio wake yumo katika kazi hai inayomkuza. Mwenye kazi nyingi asiye na mamlaka hayo ndiye anayesongwa. Tafiti za watumishi wa serikali ya Uingereza zinazojulikana kwa jina la Whitehall, ambazo Michael Marmot alizifanya maarufu, zilikwenda sambamba na hoja hiyo, kwa kuonyesha kwamba vifo vya maradhi ya moyo vilikuwa vingi zaidi kwa wanaume wa ngazi za chini kuliko kwa wakubwa wao, kinyume na dhana iliyoenea kwamba anayekufa kwa presha ni bosi. Awamu ya pili ya tafiti hizo, iliyoanza 1985, ilihusisha sehemu ya tofauti hiyo na kukosa uamuzi juu ya kazi.

Mfano wa Afrika Mashariki unaoieleza nadharia ya Karasek bila kuhitaji jedwali ni dereva wa daladala. Kila jioni anapaswa kumpelekea tajiri hesabu iliyopangwa, mafuta yakiwa juu yake. Nauli imepangwa na mamlaka, njia imepangwa kwenye leseni, bei ya mafuta imepangwa na wengine, na foleni haipangwi na yeyote. Yeye ameachiwa kupanga mambo mawili tu, yaani mwendo wa gari na urefu wa siku yake. Ndiyo sababu hukimbia, hukatisha ruti, hugombana na trafiki, na anapochoka kabisa humwachia usukani deiwaka, yaani dereva wa muda, kwa safari chache. Kumfundisha dereva huyo kupumua polepole si jambo baya, lakini hakuigusi hesabu. Kwake mawazo yamesongwa baadaye. Kilichosongwa kwanza ni siku yenyewe.

Msongo usiopata nafuu kwa muda mrefu huzaa hali ambayo Herbert Freudenberger, daktari wa saikolojia wa New York, aliipa jina mwaka 1974 baada ya kuiona kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure. Kiingereza huiita burnout, na tafsiri yake ya kawaida, uchovu wa kazi, ni dhaifu, kwa sababu uchovu huondoka kwa usingizi na hali hii haiondoki. Uchakavu wa kikazi ungefaa zaidi, kwani Kiswahili tayari husema kazi imemchakaza fulani. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, linaitaja kuwa hali ya kikazi, si ugonjwa, yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kifikra na kazi au kuidharau, na kushuka kwa ufanisi.

Kuudhibiti msongo, basi, huanza na kitu kinachohesabika, nacho ni saa. Makadirio ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, yaliyotolewa 2021, yalihusisha vifo vipatavyo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, inazuia saa za ziada kupita 50 katika kipindi cha wiki 4, na inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka; Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa siku moja ya mapumziko katika kila 7 na likizo ya siku 21 za kazi. Sheria hizo ziliandikwa kabla ya makundi ya WhatsApp ya kazini, ambamo agizo la saa nne usiku husomwa kitandani na hakuna anayeliandika kuwa saa ya ziada. Ufaransa ililijibu jambo hilo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2017, na mwaka 2022 muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira uliletwa katika Seneti ya Kenya kwa lengo kama hilo. Haki inayokusudiwa inaweza kuitwa haki ya kutopatikana.

Linabaki tamko linaloambatana na hayo yote, uwiano wa kazi na maisha. Limetafsiriwa neno kwa neno, na limekuja na dhana kwamba maisha yako upande mmoja na kazi upande mwingine. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeondoka kijijini kwenda mjini husema anakwenda kutafuta maisha, akimaanisha kazi. Kwa mtu huyo kupima kazi dhidi ya maisha ni kupima kitu dhidi yake chenyewe. Anachokosa kina majina yake: mapumziko, usingizi, watoto, ibada, msiba wa jirani ambao hakuhudhuria. Wanaotafsiri sera za ajira na mikataba wanaombwa, kwa hiyo, waandike msongo wa kazi pale kinachosonga ni kazi, wamwachie daktari neno sonona, na mahali pa uwiano wa kazi na maisha waandike saa za kazi na saa za mapumziko, zikitajwa kwa tarakimu, ili mkaguzi wa kazi apate cha kukagua.