Cheti cha Motokaa na Moshi wa Los Angeles

Fungueni madaftari yenu, lakini msiandike bado. Kwanza sikilizeni.

Somo letu la leo ni habari za cheti cha motokaa. Katika jimbo la California, nchini Marekani, mwenye gari huliandikisha upya kila mwaka. Kabla ya kupewa cheti huulizwa mambo matatu. Gari hili ni la nani? Ukimwumiza mtu, nani atamlipa? Na moshi wake ukoje?

Swali la kwanza ni la zamani. Sheria ya mwaka 1905 ilimtaka kila mwenye motokaa aiandikishe na kulipa dola 2. Kibao cha nambari alijitengenezea mwenyewe, wengine kwa ngozi, wengine kwa mbao. Serikali ilianza kutoa vibao vyake mwaka 1914. Wakati huo hakuna aliyeuliza habari za moshi.

Basi tuende katika mji wa Los Angeles, tarehe 26 Julai 1943. Marekani ilikuwa vitani na Japani. Siku hiyo ukungu mchafu ulishuka juu ya mji. Macho yaliwasha, makoo yakakereketa, na mtu hakuweza kuona mbali. Wengine walidhani Wajapani wamewatupia hewa ya sumu. Baadaye lawama ikaangukia kiwanda kimoja kilichotengeneza dawa ya kufanyia mpira. Kiwanda kilisimamishwa, lakini ukungu ulirudi vile vile.

Mji ule uko kama ndani ya bakuli: milima huku, bahari huku, na hewa ya moto hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu.

Karibu na hapo, katika mji wa Pasadena, alikuwapo mwanachuoni mmoja, mzaliwa wa Uholanzi, jina lake Arie Haagen-Smit. Kazi yake ilikuwa kuchunguza harufu ya mananasi. Naam, mananasi! Alijua namna ya kuvuta hewa na kuigandisha kwa baridi ili aone kilichomo. Akaivuta hewa ya mji kwa njia ile ile, akapata maji ya rangi ya kahawia yenye harufu mbaya.

Aliyoyagundua yalishangaza watu. Mvuke wa petroli na hewa itokayo katika bomba la gari hukutana na mwanga wa jua, zikafanya hewa nyingine kali iitwayo ozoni. Ozoni haionekani, lakini huumiza mapafu na kupasua mpira. Yeye na wenzake walikunja vipande vya mpira wakaviweka hewani. Kadiri hewa ilivyokuwa mbaya, ndivyo mpira ulivyopasuka upesi. Nadhani ushahidi huo ulikuwa mzuri kuliko maneno mengi, kwa sababu hata asiyejua kusoma aliweza kuuona.

Watafiti waliolipwa na wafanya biashara wa mafuta walimpinga. Na watu wa mjini je? Walikuwa tayari kulaumu viwanda. Kulaumu gari lao wenyewe kulikuwa kugumu zaidi. Mwaka 1966 California iliweka kipimo cha moshi kwa magari mapya, kabla ya majimbo mengine yote. Lakini gari jipya huchakaa. Kwa hiyo mwaka 1984 ukaanza mpango wa kupima magari yaliyokwisha kutumika. Katika wilaya nyingi gari la petroli, likisha kuwa na umri wa miaka kadhaa, hupimwa kila baada ya miaka 2. Fundi huunga waya katika kompyuta ya gari; lile la zamani zaidi hupimwa moshi wenyewe katika bomba. Likishindwa, cheti hakitolewi mpaka litengenezwe.

Na bima? Tangu mwaka 1997 mwenye gari alitakiwa aonyeshe kwamba anayo ndipo aandikishwe upya. Siku hizi kampuni za bima hupeleka habari serikalini kwa kompyuta, na bima ikikatika, gari huweza kusimamishwa.

Lipo jambo moja lisilo rahisi. Mwenye gari kuukuu mara nyingi ndiye mwenye fedha kidogo, na gari hilo ndilo linalompeleka kazini. Serikali ya jimbo imeweka mpango wa kumsaidia gharama za matengenezo, au kumlipa akiliacha gari lake. Lakini mtoto wake naye huvuta hewa ile ile.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni maneno haya: cheti, bima, moshi, ozoni, mapafu. Yasomeni kwa sauti, kisha kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila neno. Baada ya hapo zungumzeni: gari la mtu maskini likishindwa katika kipimo, nani alipe fundi? Kwaherini.