Mbiu ya Losheni

Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali ya mtaa wetu ilibandikwa karatasi yenye mhuri, kichwa chake kwa herufi kubwa: TANGAZO LA UREJESHWAJI WA BIDHAA. Kulia kwake palikuwa na ratiba ya chanjo, kushoto orodha ya vikundi vilivyopata mkopo wa halmashauri. Bibi mmoja aliyekuja kugongewa mhuri barua ya utambulisho ya mjukuu wake akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamgeukia mtendaji.

"Baba, hayo marejesho ni ya kikundi gani? Sisi yetu tulishamaliza."

"Hapana bibi, hiyo ni losheni. Ina matatizo, inatakiwa irudishwe."

"Irudishwe kwa nani?"

Mtendaji akaitazama ile karatasi kana kwamba naye anaiona kwa mara ya kwanza.

Bibi hakukosea. Mtaani, marejesho ni fedha. Ni zile elfu kadhaa za kila Jumatatu zinazomkimbiza mama lishe kabla hajauza sahani ya kwanza. Ni mikopo tuliyoipa jina la kausha damu. Neno limeshapata kazi nyingine na kazi hiyo inalikaba. Ukimwambia mtu "urejeshwaji", anatafuta daftari la kikundi. Hawazi kwenda kuangalia kabati la bafuni.

"Kurudisha" nalo lina mambo yake. Mtoto mtundu hurudiwa na mzazi wake, maana yake anaadibishwa. Kitambaa kikiingia maji kikapungua, fundi anakwambia kimerudi. Hata tukibaki na maana ile ya kila siku, kurudisha kunadai mtu wa kurudishiwa, na hapo ndipo swali la bibi lilipochoma. Losheni aliinunua kwa kijana apitaye na beseni kichwani. Kijana ataonekana lini tena?

Magazeti yamechagua njia nyingine: "kuondoa sokoni". Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa Kenya, KEBS, liliposimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini iliyozidi kiwango, viwanda vilitakiwa kuuondoa unga huo sokoni. Ni maneno safi, na kwa mwenye duka kubwa yanatosha: rafu ni hii, pakiti ni hizi, pakia. Lakini yanaishia mlangoni mwa duka. Unga ulioliwa nusu, uliomiminwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, hauko sokoni tena. Uko jikoni, na jikoni hakuna afisa wa viwango anayefika.

Anayeweza kufika ni bwana afya. Jina la cheo limebadilika mara kadhaa, sasa ni afisa afya wa kata upande wa Tanzania, afisa wa afya ya umma wa kaunti upande wa Kenya, ila watu wameng'ang'ania bwana afya, na akiwa mwanamke, bibi afya. Ndiye anayejua choo cha nani kimejaa na mgahawa upi hauchemshi maji. Kisheria si mvamizi: Katiba ya Kenya ya 2010 inazipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kuwasimamia wauza chakula, na Tanzania baadhi ya kazi za ukaguzi wa mamlaka za kitaifa hukasimiwa kwa halmashauri. Kukasimu ni neno zuri. Limetoka kwenye Kiarabu cha kugawa, na hesabu za zamani zililitumia kwa maana ya kugawanya. Aliyekasimiwa ana fungu lake, haendeshi tu shughuli za mwingine. Nongwa yangu ni kwamba mara nyingi fungu linalomfikia bwana afya ni la kazi, la mafuta ya pikipiki linabaki juu.

Sasa mpe bwana huyo karatasi isemayo "toleo namba fulani tu". Toleo, ambalo kwa wasomaji ni la kitabu, kwenye dawa na vyakula ni upishi mmoja wa kiwandani, uliopewa namba yake. Namba hiyo hugongwa kwa wino mwembamba karibu na mshono wa pakiti, na ndiyo inayotenganisha kibaya na kizuri. Lakini sisi tunanunua kwa kupima. Mafuta ya kula yanatoka kwenye dumu la lita 20 yanaingia kwenye chupa ya soda. Unga unachotwa kwenye kiroba, sabuni ya unga inafungwa kwenye vimfuko vya shilingi mia, tembe mbili za kichwa zinakatwa kwa mkasi, na mkasi huo huo umeshapita katikati ya namba. Kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, nilihesabu bidhaa sita zilizomiminwa, hakuna hata moja iliyobakiwa na toleo lake. Kupima ndiko kunakomlisha maskini, na ndiko kunakofuta njia ya kukifuata kitu kikiharibika.

Kuna kosa jingine, hili ni letu sote. Kitu chochote kibaya tunakiita feki. Viongozi wana hafifu na duni, forodhani wana magendo, Wakenya wana ghushi, lakini barazani yote yanamezwa na feki. Basi ukitangaza kwamba losheni fulani ni hatari, mtu anageuza chupa, anaona nembo halisi, anasema: yangu ni orijino. Ni orijino kweli, na ndiyo yenyewe inayotafutwa. Unaweza kuwa na mkoba feki usiomdhuru mtu yeyote miaka kumi, na unga halisi wa kiwanda chenye leseni wenye sumu. Tusipoutenganisha uongo na hatari, tangazo linawafikia wasiohusika na kuwapita wanaohusika.

Nasikia mtu akisema istilahi hazibadili kitu. Namwonyesha sumukuvu. Zamani wataalamu wetu walikuwa wakisema "aflatoksini" mkulima akaitikia kwa adabu tu. Sumukuvu linajieleza lenyewe: ni sumu, na inaletwa na kuvu. Neno hilo lina makaburi nyuma yake. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa ndizo zilizoumia zaidi, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zililia. Sehemu kubwa ya mahindi yale ilitoka kwenye shamba la mlaji mwenyewe. Kwa hayo hapakuwa na kiwanda cha kurejeshea wala soko la kuondolea. Maneno yetu yote mawili yalikwama. Kilichohitajika ni mtu wa kijijini kuingia kihengeni kwa jirani na kumwambia usiyale haya, na serikali kuleta mengine ya kula, kama ile ya Kenya ilivyogawa chakula mbadala mwaka ule. Ukimnyang'anya mtu debe lenye ukungu bila kumpa jingine, umempa njaa.

Waingereza kwa jambo hili hutumia neno lenye sauti ndani yake: kuita kitu kirudi. Sisi tumechukua kurudi, tukaacha kuita. Na kuita ndiko kazi ya mtaa. Chicago, 1982, watu saba walipokufa kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sayanaidi, kampuni iliita chupa zake kama milioni 31 nchi nzima. Lakini mjini penyewe waliosikika ni polisi waliopita mitaani na vipaza sauti, na meya Jane Byrne aliyeamuru zisiuzwe.

Hapa ndipo ninapokumbuka mbiu, pembe ya mnyama iliyopulizwa mji mzima ujue kuna neno. La mgambo likilia, lina jambo. Fungua kamusi kwenye mgambo utakuta maana mbili: tangazo kwa umma, na askari wa akiba. Ya kwanza imebaki kwenye methali. Ya pili anaijua kila machinga, maana mgambo akitokea kona ile, yeye hukunja turubai na kukimbia. Neno lililoita watu sasa linawatawanya, na duka litakaloficha bidhaa mbovu ni lile lililozoea kuona sare zikija kukamata.

Nachagua "mbiu". Mbiu ya unga, mbiu ya dawa. Haina deni ndani yake wala haimalizikii sokoni, na hakuna kata isiyo na msikiti, kanisa, bodaboda au gari la matangazo la kuipiga. Nimemweleza mtendaji wetu. Alicheka, akasema basi tangazo lijalo niandike mimi. Nimeshaandika, ni mistari miwili, na bibi yule ndiye niliyemsomea kwanza:

Mwenye losheni hii nyumbani, hata kama ni orijino, hata kama ameshaifungua, asimpake mtu. Ailete ofisi ya mtaa na chupa yake, hakuna atakayeulizwa aliinunua wapi.