Haki zisizoandikwa: Funzo la Waogiek wa Mau
Haki isiyotajwa bayana kisheria huweza kuwa imo ndani ya haki iliyotajwa. Oktoba 2009 jamii ya Ogiek ilipewa siku 30 kuhama Msitu wa Mau, unaofika Nakuru. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hulinda mali bila kutaja ardhi ya jamii. Hata hivyo, Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua Mei 26, 2017 kuwa ulinzi huo hufikia jamii nzima, si mtu binafsi pekee.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 19, nayo haizuii haki zisizoorodheshwa humo, mradi zitambuliwe kisheria na zisikinzane nayo. Lakini hukumu huhitaji utekelezaji: Novemba 2023 baadhi ya Waogiek walifurushwa tena, Sasimwani, Narok.