Timu Iliyokuja na Miwa

Mtu wa Homa Bay akisimulia historia ya soka ya Nyanza Kusini, ataianzia uwanjani kwao. Wa Migori mjini ataianzia kwa vijana wao. Mimi naianzia kwenye bomba la moshi la kiwanda cha Awendo, kwani Ligi Kuu iliingia kwetu kwa mlango huo, na kwa mlango huohuo ikatoka.

Mwaka 1976 serikali iliunda Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, ambayo kila mtu huiita SoNy. Wakati huo Migori na Homa Bay zilikuwa bado wilaya moja, makao makuu yake Homa Bay, kando ya ziwa. Awendo ilikuwa kituo kidogo kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Isebania. Mwaka 1979 kiwanda kikaanza kusaga miwa. Palipokuwa malisho pakawa shamba la kampuni, na kulizunguka shamba hilo wakulima wakapanda miwa yao wenyewe, kuanzia Uriri na Rongo hadi Ndhiwa, Kuria na Trans Mara. Zikaja nyumba za wafanyakazi, zikaja trekta zenye matela yanayodondosha miwa njiani na watoto kuikimbilia. Na ikaja timu ya mpira.

Timu za kampuni zilikuwa desturi ya Kenya nzima siku hizo: za bia, za bandari, za posta, za benki. Ukanda wa sukari nao ulikuwa na zake: Chemelil, Muhoroni, Nzoia, SoNy. Kijana hodari wa kutandaza kandanda aliangalia mambo mawili, namba uwanjani na kazi ya kiwandani baada ya miguu kuchoka. Basi la timu lilikuwa la kampuni, nyasi zilikatwa na kampuni, hata rangi ya kijani ya jina la Awendo Green Stadium mtu angedhani imechumwa shambani. Shabiki hakudaiwa chochote zaidi ya kufika.

Wenzetu wa mbali hupata timu kwa njia nyingine kabisa, na nikiitazama hunichekesha na kunitia wivu. Ligi ya hoki ya barafu ya Marekani Kaskazini ilikuwa na timu 6 tu hadi 1967, ilipoongeza nyingine 6 kwa mkupuo. Tangu hapo mji unaotaka timu hupiga hodi na fedha mkononi. Las Vegas ililipa dola milioni 500. Seattle ikalipa milioni 650 ili iwe timu ya 32, na mwezi Machi 2018, ilipofungua maombi ya tiketi za msimu kabla ya kuwa na jina, jezi wala mchezaji hata mmoja, arubuni 10,000 zilipokewa ndani ya dakika 12. Wachezaji walikuja baadaye, wakichukuliwa kutoka timu nyingine kwa kanuni maalumu. Yaani mashabiki kwanza, mpira mwisho. (Hoki yenyewe kwetu ni ya nyasi, na Nyanza imekaa zaidi kwenye shule: Sinyolo na Nyamira Girls. Kenya iliwahi kushika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la hoki mwaka 1971 kule Barcelona, jambo ambalo ukilisema kibandani watu hudhani unawatania.)

Sisi hatununui kiti. Timu hupanda ngazi kwa mabao, na SoNy ilipanda hadi kileleni. Mwaka 2006, baada ya Ulinzi Stars kutwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, kombe la Ligi Kuu lilikwenda Awendo. Lilipita Nairobi, likapita Kisumu, likapita Mombasa, likaja kutua kwenye mji ambao wasafiri wengi wa Tanzania waliujua kama mahali pa kununua miwa dirishani. Wale wanaosema mpira wa Kenya ni wa Gor Mahia na AFC Leopards peke yao hupenda kuuruka mwaka huo. Mwaka huohuo Shabana ya Kisii, majirani zetu wa upande wa milimani, iliyoanzishwa 1980 na mfanyabiashara Dogo Khan mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ilishushwa daraja. Nani angebashiri siku ile ni ipi kati ya hizo mbili ingehitaji uwanja wa wenzake, na ni ipi isingekuwepo kabisa kwenye ligi?

Kenya nayo iliwahi kujaribu kupanua ligi kwa amri, na hilo halina budi kuandikwa. Kabla ya msimu wa 2017, shirikisho chini ya Nick Mwendwa lilitaka timu ziwe 18 badala ya 16. Kampuni iliyoendesha ligi ilipinga. Pakawa na mivutano ya leseni na kesi, mwishowe Zoo ya Kericho na Nakumatt zikaingia kuziba nafasi mbili zilizoongezwa. SuperSport, iliyokuwa ikilipia haki za matangazo ya televisheni, ikasema kupanua ligi ni kuvunja mkataba, ikajiondoa mwaka huohuo. Ligi ya hoki ilipoongeza timu, fedha zilimiminika. Sisi tulipoongeza, fedha zilitoka mlangoni. Nakumatt yenyewe ilibeba jina la msururu wa maduka ambao nao ulikuwa unaporomoka.

Turudi Awendo. Kiwanda kilikuwa kinaumwa muda mrefu: madeni, mitambo chakavu, sukari ya bei nafuu kutoka nje, na miwa iliyokatwa ikiwa bado michanga kwa sababu viwanda viliinyang'anyana. Mkulima aliyengoja malipo ya miwa miezi na miezi hawezi kufurahia kuona kampuni hiyohiyo ikilipa basi la wachezaji kwenda Mombasa, na siwezi kumlaumu. Agosti 2019 SportPesa, mdhamini mkuu wa ligi, nayo ikakatiza udhamini wake baada ya leseni yake ya kamari kukataliwa. Klabu zilizokuwa zinachechemea zikaanguka. SoNy ilishindwa kufika uwanjani mara moja, ikashindwa mara ya pili, na ya tatu. Kanuni ya ligi haikuwa na huruma: atakayekosa mechi 3 anatoka. Kabla mwaka 2019 haujaisha, bingwa wa 2006 alikuwa ameondolewa, matokeo yake ya msimu yakafutwa, na ligi ikabaki na timu 17.

Ukiliangalia jedwali la msimu huo leo, SoNy haipo hata mkiani, kwa sababu aliyeshushwa kwa kufungwa huandikwa mkiani na aliyefutwa haandikwi popote.

Baada ya hapo Migori ilibaki na Migori Youth, timu ya mji na si ya kiwanda, ikihangaika katika ligi ya daraja la pili. Bao lao linapopatikana uwanja hupiga kelele za watu wanaojuana kwa majina. Homa Bay kwa upande wake ilikuwa na kitu kingine: uwanja, ambao ulipewa jina la mwanasiasa Raila Odinga akiwa bado hai. Uwanja bila timu ya Ligi Kuu ni kama jiko bila chungu, lakini mwaka 2023 chungu kilikuja kutoka kwa jirani. Shabana, baada ya miaka 17 nje, ilirejea Ligi Kuu, na uwanja wake wa Gusii haukuwa tayari kupokea mechi za daraja hilo. Ikaja kucheza Homa Bay.

Siku za mechi, magari yaliteremka kutoka Kisii kupitia Rongo na Rodi Kopany, bendera zikipepea madirishani, na nyimbo za Shabana, maarufu kwa jina la Tore Bobe, zikaimbwa kwa Kigusii kando ya ziwa la Wajaluo. Wauza samaki walipata wateja, wa boda boda wakapata wateja. Watu wa Homa Bay wakalipa kiingilio kutazama timu isiyo yao, wengi wao wakiishangilia timu pinzani, hasa pinzani ikiwa Gor. Seattle ingeita hilo soko lililothibitishwa. Kisha Shabana ikarudi kwao Kisii, kama mgeni yeyote mwenye adabu.

Mwezi Mei 2025 serikali ilitangaza kukikodisha kiwanda cha SoNy kwa kampuni ya Busia Sugar Industry kwa miaka 30, pamoja na viwanda vingine vitatu vya umma kwa wakodishaji wengine. Mabishano yakawa juu ya mishahara, malimbikizo na mashamba. Sikusikia mtu akiuliza kuhusu timu. Wiki chache baadaye, Juni 1, sherehe za Madaraka za taifa zikafanyika Homa Bay, katika uwanja uliokuwa umejengwa upya kwa ajili hiyo, viti vipya, taa mpya, nyasi changa. Wanajeshi walipiga gwaride mahali ambapo Shabana ilipiga kona.

Oktoba 15 mwaka huohuo, Raila, mwenye jina la uwanja huo, akafariki India. Jina limebaki ukutani, na uwanja unamngoja mpangaji.