Uteuzi Uliokwama: Miguel Estrada na Seneti ya Marekani, 2001–2003

Miguel Estrada, mzaliwa wa Tegucigalpa nchini Honduras aliyehamia Marekani akiwa kijana wa miaka 17, alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1986, akawa msaidizi wa Jaji Anthony Kennedy wa Mahakama ya Juu, kisha mwendesha mashtaka jijini New York. Tangu 1992 hadi 1997 alitumikia Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, yaani ofisi inayoitetea serikali ya shirikisho mbele ya Mahakama ya Juu.

Tarehe 9 Mei 2001 Rais George W. Bush alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Wilaya ya Columbia, ambayo kwa kuwa husikiliza mashauri mengi dhidi ya taasisi za serikali, na kwa kuwa majaji kadhaa wa Mahakama ya Juu wamepitia humo, huhesabiwa kuwa ya pili kwa uzito nchini. Hapo ndipo kiini cha ugomvi kilipokuwa, kwani ni wachache waliotilia shaka umahiri wa Estrada. Kilichohofiwa ni mahali ambapo kiti hicho kingemfikisha, yaani Mahakama ya Juu.

Hofu hiyo ilikuwa vigumu kuipima, kwani wakili aliyeandika kwa niaba ya mteja hana hukumu zinazoonyesha msimamo wake, na Estrada, alipohojiwa na Kamati ya Sheria ya Seneti Septemba 2002, alisita kueleza maoni yake juu ya kesi zilizokwisha kuamuliwa. Maseneta wa chama cha Wademokrasia, wapinzani wa Bush, wakadai nyaraka za ushauri alizoandika akiwa serikalini. Serikali ikakataa, ikiungwa mkono na Mawakili Wakuu wote wa zamani waliokuwa hai, wa vyama vyote viwili, walioona kwamba ushauri wa ndani ukianikwa hadharani hakuna wakili atakayethubutu kusema kweli. Hoja hiyo ya nyaraka, ingawa haikuwa ya bure, haitoshi peke yake kueleza kwa nini alizuiwa: John Roberts, aliyeteuliwa siku ileile kwa mahakama ileile na aliyewahi kuwa naibu katika ofisi hiyohiyo, alithibitishwa Mei 2003. Waraka wa wasaidizi wa maseneta wa Wademokrasia uliovuja baadaye ulitaja asili ya Kilatino ya Estrada miongoni mwa sababu za kumwona mtu wa hatari.

Kwa kanuni za Seneti za wakati huo, mjadala haukuweza kufungwa bila kura 60 kati ya 100, na hivyo wachache waliweza kuzuia uteuzi kwa kuurefusha mjadala tu. Hoja ya kufunga mjadala ililetwa mara saba kati ya Machi na Julai 2003, na haikuvuka kura 55. Kura hizo zingetosha kabisa kumthibitisha, lau uteuzi wenyewe ungepigiwa kura. Tarehe 4 Septemba Estrada alijitoa na kuendelea na uwakili wake.

Miaka kumi baadaye, Novemba 2013, Wademokrasia, wakiwa sasa ndio wengi, waliondoa sharti hilohilo la kura 60 kwa majaji walio chini ya Mahakama ya Juu, ili kujaza nafasi tatu katika mahakama ileile ya Wilaya ya Columbia.