Plazma baridi yaharakisha kupona kwa vidonda sugu

Kidonda cha mguu kisichopona humtia mgonjwa wa kisukari katika hatari ya kukatwa mguu. Ndiyo maana plazma baridi inafuatiliwa kwa makini.

Plazma hii, isiyohusiana na majimaji ya damu yenye jina hilo, ni gesi iliyopitishiwa umeme hadi baadhi ya atomu zake zikapoteza elektroni. Radi nayo ni plazma, ila huunguza; ya matibabu haizidi nyuzijoto 40 ifikapo kwenye ngozi.

Mjini Greifswald, Ujerumani, wataalamu walibuni kifaa mfano wa kalamu kinachotumia gesi ya agoni, kikaidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Ncha yake hupitishwa juu ya kidonda. Plazma ikikutana na hewa huzaa kemikali za oksijeni na nitrojeni, ambazo huua bakteria, wakiwemo waliozoea dawa, na kuchochea seli kujijenga.

Hata hivyo, sifa ya kuua viini huenda imetiwa chumvi. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2020, vidonda vya wagonjwa wa kisukari vilivyotibiwa kwa plazma vilipungua upesi kuliko vilivyopewa tiba bandia, ilhali maambukizi hayakutofautiana sana. Wagonjwa wote waliendelea kupata huduma ya kawaida ya vidonda, ambayo plazma haichukui nafasi yake.