Sataranji, Wasioona na Ngazi za Malindi

Neno sataranji tulilipokea kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, ambao mchezo wenyewe uliwafikia kutoka Bara Hindi. Katika njia hiyo hiyo yamo masimulizi ya Said bin Jubayr, mwanachuoni aliyeuawa kwa amri ya Hajjaj mwaka 714, ambaye husemwa alikuwa akicheza huku ameupa ubao mgongo. Ikiwa ni hivyo, mchezo huu ni wa kumbukumbu na hesabu kabla ya kuwa wa macho.

Wasioona wenyewe ndio waliolijengea jambo hilo utaratibu. R. W. Bonham, mwalimu wa Kiingereza aliyepoteza uwezo wa kuona angali kijana, alianzisha mwaka 1934 jarida la sataranji la maandishi ya nukta nundu. Mwaka 1958 wachezaji wasioona walikutana Rheinbreitbach, Ujerumani, wakashindana ana kwa ana. Leo kanuni za FIDE, shirikisho la dunia, zina sehemu yao. Asiyeona huwa na ubao wake: kila mraba una tundu, miraba myeusi imeinuka kidogo, na kete nyeusi zina alama ya kupapaswa. Kila hatua hutamkwa kwa sauti, na mwenye macho naye hulazimika kutamka. Na kwa kuwa vidole ndivyo vinavyousoma ubao, kete huhesabiwa imeguswa pale tu inapong'olewa tunduni. Sijaona kifungu chenye insafu zaidi katika kanuni za mchezo wowote.

Kwetu karatasi hazikosekani. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliasisiwa 1985. Sheria ya haki zao ikapitishwa 2006. Tanzania ikaridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao kifungu chake cha 30 kinataja michezo.

Lakini ndugu msomaji, pita Malindi uzitazame nyumba: kizingiti kirefu mlangoni, kisha ngazi nyembamba zilizosimama wima. Ukitaja mteremko, utaambiwa Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000. Kweli, ila mteremko wa mbao unaowekwa asubuhi na kuondolewa jioni haulidhuru jiwe. Wala sataranji haidai ghorofa. Wazee wetu wamecheza bao na dhumna barazani, kando ya njia, mahali ambapo kiti cha magurudumu hufika.

Basi mwenye kuandaa mashindano aupime mlango kabla ya kukodi ukumbi, na tangazo lake liseme mapema kama ubao wa matundu upo.